Linda Hapa

Kwetu Kasongo, ukimwambia mtu "linda", unamwambia angoje. Mama anayepika mboga ya sombe anawaambia watoto: lindeni, bado haijaiva. Mwenye pikipiki anamwambia abiria: linda, natia mafuta. Najua vitabuni kulinda ni kukaa na bunduki mbele ya kitu kisiibwe. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa mapadri, lakini tofauti hiyo naijua kuliko wale wenye miwani, maana ilimla mtoto wa dada yangu.

Huyo mtoto alivishwa medali ya ushujaa akiwa amekwisha kufa. Yaani medali iliwekwa juu ya kitambaa chekundu, kitambaa juu ya meza, meza mbele ya biro ya teritwari, ndiyo ofisi ya serikali, na dada yangu akaketishwa kwenye kiti cha plastiki kana kwamba ni yeye bibi harusi. Karani akasoma karatasi. Alisoma kwanza kwa Kifaransa, wakubwa wakapiga makofi, kisha akasoma kwa Kiswahili ili na sisi tupige. "Kijana huyu alilinda daraja peke yake. Komanda wake alimwamuru arudi. Akakataa kurudi."

Uongo. Nilikuwepo pale darajani.

Nilikuwa natoka Kabambare na madumu ya mawese kwenye baiskeli. Wanajeshi wakanisimamisha njiani, wakamwaga madumu pembeni, wakafunga masanduku ya risasi mahali pake, wakaniambia sukuma. Ndiyo kazi ya raia, kusukuma. Nikainua macho, nikamwona mtoto wa dada yangu katikati yao, kofia imemzidi kichwa.

"Mujomba," akanicheka, "sasa uko mwanajeshi kama mimi."

"Mwanajeshi gani ananuka mawese?"

"Usitukane jeshi, nitakufunga! Sukuma, muzee, sukuma!"

Alinisaidia kusukuma kila kilima. Njiani akaniuliza kama mama yake bado amekasirika. Nikamwambia amekasirika, lakini anauliza habari zake kwa kila mtu anayepita. Siku alipokwenda kujiandikisha jeshini, dada yangu alisimama mlangoni akampigia kelele mbele ya majirani: "Ukienda, usirudie hapa!" Maneno ya hasira ya mzazi. Nani hajawahi kuyasema?

Tulipovuka daraja la miti, risasi zikaanza upande tuliotoka. Wanajeshi hawakufika kumi na tano, na pikipiki ilikuwa moja tu, ya kapiteni. Kapiteni ndiye ninayemtaja hapa. Jina silitii kwenye karatasi, lakini Kasongo nzima wanamjua: leo ni majo, cheo cha juu ya kapiteni, ana nyumba ya bati jipya kwenye njia ya kwenda Nyangwe, na nyota yake ya umajo alivishwa siku ileile, kwenye meza ileile, karibu na medali ya mtoto wetu. Si mtu wa kwetu kwa kuzaliwa, lakini amekaa Maniema miaka mingi na anasema kama sisi. Leo asijifanye hakuelewa neno lake mwenyewe.

Alikuwa amekwisha kupanda pikipiki. Akamnyoshea kidole mtoto wa dada yangu, akasema: "Wewe, linda hapa na mashine. Tunakuja kukuchukua."

"Ndiyo, komanda."

Hayo tu. Hakusema rudi. Alisema ngoja. Kisha akaondoka na wengine wakamkimbilia nyuma, hakuna aliyegeuka. Mtoto akalala tumboni nyuma ya mti, akaweka ile mashine, bunduki ya risasi mfululizo, begani. Mtu anayengoja kuchukuliwa anatazama njia, na yeye kila mara aligeuza shingo kutazama njia. Nilimwona kwa macho yangu. Shujaa wa karatasi ya karani hakugeuza shingo hata mara moja.

Basi, siku ya ile seremoni dada yangu alifika nyumbani na medali imefungwa ndani ya kikwembe alichovaa, akaitupa juu ya kitanda. Watu walikuja kukaa matanga, maana mwili hatukuupata na sasa serikali imekubali kwamba amekufa. Akawafukuza.

"Matanga ya nani? Wamesoma mbele yenu wote. Aliambiwa arudi, akakataa kurudi. Nilimwambia asirudie hapa, akanisikia. Mwacheni huko alikopenda."

Miezi miwili alikaa hivyo. Kichwa hakunyoa. Chakula alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Jina la mtoto wake likawa tusi mdomoni mwake. Na mimi nilijua, nikanyamaza! Kapiteni ni mwongo, karani ni mwongo aliyeandika uongo aliopewa. Na mimi je? Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu miezi miwili, nikala nao ugali.

Asubuhi moja nikamkuta anapepeta mchele, nikamwambia yote. Neno la kapiteni, pikipiki, shingo iliyogeuka. Akaacha kupepeta.

"Alimwambia alinde?"

"Alimwambia alinde, yaya." Dada mkubwa kwetu ni yaya. "Kwamba watakuja kumuchukua."

"Basi hakukataa kurudi."

"Hakukataa."

Akaokota jiwe moja kwenye mchele, akalitupa. "Na wewe? Wewe alikuambia nini?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mfano wa wakubwa. Lakini nikasema. Nilipoinuka kukimbia, mtoto aliniita: "Mujomba, na wewe linda na mimi kidogo." Sikulinda. Nilitupa masanduku, nikachukua baiskeli. Baiskeli niliichukua.

Dada yangu alisimama, akafunga kikwembe, akachukua medali, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa majo. Nilimfuata kwa mbali. Mwanajeshi wa mlangoni alimkaribisha vizuri, akamletea kibao cha kukalia.

"Mama wa shujaa! Karibu, mama. Komanda anakunywa chai. Linda hapa kidogo, anakuja."

Dada yangu alimtazama yule kijana, naye ni mtoto wa mtu, hakujua alichosema.

"Wangu alilinda," akasema. "Mimi silindi."

Akaiweka medali juu ya kibao, pale alipoambiwa akae, akageuka. Nyuma yake nilisikia majo anauliza kutoka ndani, "Ni nani huyo?"

Siku hiyo matanga yalianza. Wanawake walimnyoa dada yangu nywele uani, akalia mpaka sauti ikakatika, akimwita mtoto wake kwa jina: rudi, baba, rudi, nilikosea. Majirani walileta kuni, mikeka, mbuzi mmoja. Nilipoingia uani, aliinua kichwa chake kilichonyolewa akaniona. Hakunifukuza. Aliwaambia wanawake tu, kwa sauti ile iliyokatika:

"Huyo mumupe mukeka. Lakini nje ya ua. Alinde huko."

Nilikaa siku zote za matanga nje ya ua, njiani, mahali baiskeli zinapoegeshwa. Na yule majo anaendelea kunywa chai.