Saa ya Wasichana Kituoni Nakivale

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha afya huko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mkuu wa kituo alinikabidhi aproni na benchi lililojaa wajawazito. Nilikuwa nimesomea ukunga kwetu Kivu Kusini, Kongo, na nimeshazalisha wanawake wengi kabla ya kukimbia vita, lakini benchi lile lilinishtua. Wengine walikuwa bado na nyuso za watoto.

Mkuu wa kituo, Mnyankore, mwenyeji wa eneo hilo, mwenye maneno machache, aliniita pembeni. "Sista, hapa usianze na nani alikupa mimba. Uliza kwanza leo amekula nini."

Swali hilo lilifungua mengi. Mmoja aliacha shule kwa kukosa pedi. Mwingine, posho ya chakula ilipopunguzwa, alitumwa na mama yake kumfulia nguo dereva wa bodaboda. Hakuna aliyeniambia kwamba alitaka mtoto.

Ndipo akaja Nzigire. Alikuwa na miaka kumi na mitano, binti wa jirani yangu mkulima wa maharage. Alisimama mlangoni siku ya kliniki ya wajawazito.

"Mama, niko na neno ya kukuuliza."

Nilikuwa nimechoka, nikamjibu mbele ya wote: "Wewe mutoto, unatafuta nini hapa, fasi ya bamama? Rudia kwa masomo!"

Benchi lote likacheka. Nzigire akaondoka.

Aliporudi, tumbo lilikuwa la miezi sita. Mhusika alikuwa mwanamume mwenye kibanda cha sabuni, na baba yake Nzigire alitaka kumpeleka binti akaolewe naye. "Ameshaharibu jina ya nyumba," alisema. "Aende kwa bwana yake." Nilimsihi baba angoje hadi Nzigire ajifungue, akakubali shingo upande. Tuliripoti polisi, lakini mwenye kibanda alihama kabla hawajamfikia.

Miezi ilipotimia, uchungu ulimshika Nzigire asubuhi. Nilifungua chati, karatasi ambayo juu yake mkunga huchora jinsi njia inavyofunguka saa baada ya saa. Mstari wangu ulipaswa kupanda, lakini ulilala. Nyonga zake zilikuwa bado za kitoto. Mkuu aliitazama karatasi mara moja tu. "Usingoje. Mbarara."

Katika gari la wagonjwa Nzigire alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Hospitalini Mbarara walimpasua mchana uleule. Yeye alipona, ila mtoto hakuishi.

Nilikaa naye siku tatu. Siku ya mwisho nilijipa moyo nikamwuliza, "Nzigire, siku ile ulitaka kuniuliza nini?"

"Ule bwana alikuwa ananipatia sabuni," alisema. "Nilitaka unionyeshe namna ya kumukatalia."

Nikamwomba msamaha. Alisogeza miguu yake kitandani ili nipate mahali pa kukaa.

Niliporudi Nakivale nilimweleza mkuu kila kitu, nikingoja adhabu. Aliniuliza, "Sista, unataka nikugombeze ama unataka chumba?"

Alinipa stoo ya nyuma, Jumamosi mchana. Muda huo tuliuita saa ya wasichana. Hakukuwa na kadi wala benchi la kina mama, na swali lolote liliruhusiwa. Wiki za kwanza hakuja mtu. Kisha Nzigire, ambaye baba yake alikuwa amekubali arudi shuleni, akaja na wenzake wawili. "Ingieni," aliwaambia. "Huyu mama hafukuzi mutu tena." Baadaye familia yake ilihamishiwa ng'ambo, na sijawahi kuisikia tena sauti yake.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa katika wodi ya wazazi Mbarara, na sasa nimestaafu, naishi Kakiika, pembezoni mwa mji huo, na mwanangu. Wakunga vijana huja kuniuliza ni nini huongeza mimba za utotoni. Nawatajia njaa, karo, pedi, ndoa za kulazimishwa na wanaume wenye vitu vya kugawa. Kisha nawasimulia jinsi nilivyomfukuza Nzigire, kwa sababu ukali wetu nao umo katika orodha hiyo.

Jumamosi ikifika mchana, mwili wangu hujiandaa wenyewe. Navaa viatu, nafika getini, ndipo nakumbuka sina zamu. Wasichana hupita barabarani wakicheka, nami hutamani kuwaita. Nasimama pale na viatu vyangu mpaka wapotee kwenye kona.