Karatasi Isiyo na Zizi

Ta-tap. Mpaka leo nausikia ule muhuri: ta kwenye wino, tap kwenye kitabu cha akiba, na meza ya bati ndani ya gari la benki inaitikia kwa mlio mwembamba. Gari lile lilikuwa likija Tinde siku za mnada, linasimama karibu na maduka ya Wahindi, na mimi nasimama pembeni kusikiliza tu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina kazi, lakini kichwani nilishakaa nyuma ya meza ile zamani, blauzi nyeupe, muhuri mkononi.

Basi walipokuja watu wa takwimu kutafuta msichana anayejua Kisukuma na mwenye mwandiko unaosomeka, nilikimbilia hata kabla hawajamaliza kusema. Mkubwa wao, baba mmoja mpole kutoka Dar es Salaam, alitueleza kazi yenyewe.

"Kisima unakipima kwa kamba," alisema. "Soko la fedha la nchi nalo lina kina chake. Tunataka kujua pesa za watu ziko benki kiasi gani, ambako mwingine anaweza kuzikopa akanunua plau, na kiasi gani zimelala vibuyuni. Tunapima sasa, halafu miaka ijayo tutarudi nyumba hizihizi tupime tena."

Nililipenda neno lile, kina. Nilitembea nalo siku nzima, najiona nimeshika kamba ya nchi nzima.

Nyumba ya nne ilikuwa ya bibi mjane aliyekuwa akimlea mjukuu wake, yatima, kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinachungulia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nikasoma swali: "Akiba yako unaiweka wapi, bibi? Benki, posta, au nyumbani?"

"Zizini," akasema. "Nina mitamba miwili. Mahari ya huyu, akifika wakati wake asihangaike."

"Ng'ombe hawamo, bibi. Kuna visanduku vitatu tu, hakuna pa kuwaandika."

"Sasa utaandikaje?"

"Hana akiba."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mimi? Sina? Karatasi gani hiyo isiyo na zizi!"

Tukacheka wote. Ningeondoka na kicheko kile, ningekuwa na amani hadi leo. Lakini mimi huyu na mdomo wangu! Nilimwonea huruma kwa kumwandika fukara. Nikamwambia ng'ombe hufa kwa ndigana, ng'ombe huibiwa. Pesa ya benki haifi wala haiibiwi, tena inazaa, inaitwa riba.

"Inazaa bila dume?"

"Bila dume, bibi."

Mnada uliofuata akauza mitamba yote miwili. Mimi ndiye niliyemshika mkono kupanda ngazi za lile gari. Ta-tap. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifunga kwenye pindo la kanga. Karani akamtania, "Haya bibi, sasa hata nchi inakuja kukopa kwako." Nilirudi nyumbani naimba.

Miaka ikaenda. Ikaja ile ya foleni za sukari na sabuni ya kuuziana vipande, bei ya jana si ya leo. Mjukuu akapata mchumba upande wa Ushetu. Baba wa binti akasema wazi kwamba noti hazitaki, anataka ng'ombe, na wawili watangulie. Bibi akaniita nimsindikize mnadani.

Kitabu nilikisoma mimi. Hakuna senti iliyopotea, na riba ilikuwemo mwaka kwa mwaka. Mwenye ng'ombe akaniuliza tuna kiasi gani. Nilipomtajia, akamgeukia mwenzake.

"Mwonyeshe bibi mbuzi," akasema. "Na awe mwembamba!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi alinitazama, tena si kwa hasira. Bora angekasirika.

"Ng'wanone," aliniita, mwanangu, "si ulisema inazaa?"

"Imezaa, bibi."

"Imezaa nini?"

Nikamrudishia kitabu chake. Wale wa Ushetu walivumilia misimu miwili ya mavuno, kisha wakamwoza binti kwa mwingine. Mjukuu hakumlaumu mtu. Aliazima sururu kwa jirani akaenda Geita kuchimba dhahabu, akisema ng'ombe wake atawatafuta chini ya ardhi. Barua yake ya kwanza nilimsomea bibi mara tatu. Ya pili haikuja.

Ndipo wale watu wa takwimu wakarudi, kama walivyoahidi. Mkubwa wetu alikuwa ameota mvi, ana furaha. "Kina kimeongezeka," alituambia. "Siku hizi hata vijijini watu wana vitabu." Akanipa nyumba zangu zilezile.

Bibi alinipa kigoda kilekile. Nikasoma: "Akiba imeongezeka au imepungua?" Akafungua pindo, akanipa kitabu.

"Andika kinavyosema."

Kanuni ilikuwa hiyo, kufuata kitabu. Nikaandika: imeongezeka. Bibi akaniangalia nikiandika, kisha akauliza polepole, "Hao wanaopima nchi, hawana karatasi ya kuulizia waliokwenda Geita?"

Nikamwambia nitawauliza. Nilijua hawana.

Njiani niliwaacha wenzangu watangulie. Nikakaa juu ya jiwe kando ya shamba la pamba, nikaitoa karatasi yake. Kwa rula nikachora kisanduku cha nne chini ya vile vitatu, pembe zake sawasawa. Juu yake nikaandika: zizi. Ndani nikaandika: mara ya kwanza mitamba miwili, sasa hakuna. Nikaupuliza wino mpaka ukakauka, nikairudisha karatasi katikati ya zile nyingine.