Shikamoo Iliyongoja Mvua

Masika yamemeza barabara, kwa hiyo juzi tulitoka Ifakara kwa mtumbwi, tukifuata mfereji katikati ya mashamba ya mpunga. Mzee mmoja wa Kisukuma alipopanda, hakuna aliyemwamkia. Mama aliyepakata mtoto alimgeukia mpiga kasia, akasema kwa sauti, "Hawa na ng'ombe wao ndio wametumalizia mpunga." Tukacheka. Mzee akatazama maji.

Jua lilikuwa kali, mara mvua ikamwagika. Mzee akavua blanketi lake, akawafunika yule mama na mtoto, akashikilia pindo lisipeperuke. Shati likamganda mgongoni.

Jua liliporudi, mama alimrudishia blanketi kwa mikono miwili, akataka kupiga goti. Mpiga kasia akafoka, "Kaa, mama, utatuzamisha!"

Akaketi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajalowa?"

Nasi tukamwamkia, mmoja mmoja, macho yakiwa miguuni. Huku kwetu tunajisifu kwamba shikamoo haichagui mtu. Siku ile ilichagua, ikangoja kwanza mgongo wa mzee ulowe.