Mukono ya mama

Leo nimepima mapigo ya moyo ya mama yangu, na hakuwa mugonjwa.

Munajua, mi niko infirmière, natunza bagonjwa ku hospitali ya Beni. Docteur alinipatia congé: «Enda upumuzike, umechoka kupita.» Donc nikarudi ku Butembo, kwa mama.

Akanipokea ku mulango, akanishika mukono.

Mara moja nikaweka vidole ku mushipa, macho ku saa.

Akavuta mukono wake.

«Kavira, mi hapana mugonjwa. Mi ni mama yako.»

Mais nilisikia haya!

Akanipatia mukono tena. «Sasa nisalimie.»

Nikaushika, nikafunga macho, nikalia.

Barafiki, nani kati yenu alishafika fasi hii? Sababu hata mu kulia, nilikuwa naendelea kuhesabu mapigo yake: makumi mbili na tatu, makumi mbili na ine.