Siku Niliyomfanya Bi Zaituni Mtoto wa Mke Mwenzie

Chekeni mkitaka, ila mie mwenzenu sicheki, maana aibu yenyewe bado ya moto. Kuna nyumba mbili za ndugu hazisalimiani mpaka leo hii tunavyoongea, na chanzo ni mie, na kilichoniponza mie ni kile kitufe kirefu cha kwenye kibodi, cha kuachia nafasi kati ya neno na neno. Hicho hicho. Nikimwambia mtu ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Baba yake mume wangu Idrisa, marehemu mzee Athumani, alikuwa na wake wawili. Bi mkubwa ni Bi Mwajuma, ndiye mama mkwe wangu, yuko Gongo la Mboto. Bi mdogo ni Bi Zaituni, mzee alimjengea Boko, huko njia ya Bagamoyo. Hao wawili kuwakuta chini ya paa moja ilikuwa haiwezekani, na kwa mama mkwe jina la Zaituni lilikuwaga halitajwi kabisa, alikuwa "yule wa Boko", basi, na kuna mashangazi walisema waziwazi kwamba yule si mke, ni mtu tu ambaye mzee alikuwa anamtembelea (na ndoa ilifungwa, na mashahidi wapo hai). Mzee alipofariki kila mmoja alikaa eda kwake. Ulipotimia mwaka, mdogo wake marehemu, baba mdogo Hamisi, akasema sasa inatosha, hitma itasomwa moja tu, Gongo la Mboto, Bi Zaituni atakuja na wanawe, na wasifu wa marehemu utasomwa mbele za watu ukiwataja wote kwa majina ili maneno yaishe. Mama mkwe alikataa, akalia, akakataa tena, mwisho akasema haya.

Mnaona uzito wake? Sasa wasifu wauandike nani, na mie nipo! Mie ni mtu wa Singida, nimeolewa pwani, nimesilimu hapo hapo, na tangu nimeingia ile familia nilikuwa natafuta cha kunifanya nionekane mtu. Nikasema kwa sauti, "Baba mdogo, hiyo kazi niachieni mie, ofisini kwetu mie ndiye ninayechapa kila kitu." (Ni kweli, ni karani wa shule moja huku Kimara. Kuchapa nachapa. Kupanga ndiyo ishu nyingine.)

Nikachapa kwenye laptopu ya nyumbani. Kila aya niliianzia ndani kidogo, kama tulivyofundishwa, na kuiingiza ndani nilikuwa nabonyeza spesi, ta-ta-ta-ta, mpaka naona imekaa. Najua kuna namna yake, kuna vile vialama vya kwenye rula ya juu ya ukurasa unavivuta aya inaingia yenyewe, vile nilikuwa naviona kila siku na siku zote nilidhani ni mapambo. Nikafika kwenye wake na watoto. Hapo nikajiona fundi: majina ya wake nikayaacha pembeni kabisa kushoto, ya watoto nikayasukuma ndani chini ya mama yao, kwa spesi vilevile. Akina Hidaya na Tatu, mabinti wa Bi Zaituni, nikawaweka mstari mmoja ili karatasi zisizidi. Ikapendeza, nikaipiga picha nikamtumia shoga yangu.

Nikampelekea baba mdogo. Akaisoma, akasifia, halafu akasema, "Mkwe, herufi ndogo hizi, sie wazee tutasomaje? Zikuze kidogo."

Kukuza kidogo! Nikasema hilo dogo, nitalimaliza steshenari wakati wa kuprinti. Na huo ndio uamuzi wenyewe, jamani, hakuna mwingine.

Asubuhi ya hitma nikaingia steshenari ya karibu na kwa mama mkwe, watu wamejaa, kuna wanafunzi wanataka kutoa kopi, dada wa pale ananiambia, "Sista, fanya haraka nyuma yako kuna foleni." Nikafungua faili, nikakuza herufi. Kila kitu kikaporomoka. Zile spesi nazo zilikua pamoja na herufi, mistari ikawa mirefu kuliko karatasi, kila uliozidi ukakatika na kipande kilichobaki kikaangukia kushoto. Nikaanza kuyasukuma majina yarudi ndani, na kwa pupa ile sikuwa nayasoma, nilikuwa naangalia ukingo tu, lililokaa kushoto nalisukuma, lililokaa kushoto nalisukuma, nikaliacha la Bi Mwajuma tu kwa kuwa liko juu kabisa. Ukurasa wa kwanza ukanyooka. Wa pili sikuufungua hata kuuchungulia. Nikasema, "Dada, printi, na kopi za kuwagawia watu."

Nafika, turubai limeshafungwa, wanaume wako kwenye majamvi, sie wanawake kwenye mikeka upande wa uani, na Bi Zaituni huyo hapo, amevaa baibui jipya, amekaa na wanawe karibu kabisa na mama mkwe. Alikuwa amekuja na sufuria la maandazi aliyoyakanda mwenyewe, na mama mkwe nilimwona kwa macho yangu anachukua moja anakula. Mashangazi wamenyamaza. Hata wakwe watarajiwa wa Tatu walikuwepo, watu wa heshima, maana posa ilikuwa imeshapokelewa. Nikaona nchi imetulia na mie nina sehemu yangu.

Msomaji alikuwa ustadhi mgeni, kijana mwenye sauti nzuri, haijui familia hata kidogo. Nikamfuata kwa adabu zote nikamkabidhi karatasi, nikamwambia (oneni kiherehere), "Ustadhi, kwenye wake na watoto, majina yaliyokaa pembeni kushoto ndio wake, yaliyoingia ndani ndio watoto wao." Akasema, "Nimekuelewa, dada yangu."

Alinielewa kweli.

Baada ya dua akaanza kusoma kwenye spika, na spika ile ilikuwa inasikika mpaka barabarani. Kuzaliwa kwa mzee, kazi yake ya reli, tabia zake, watu wanaitikia, wengine wanafuta machozi. Halafu akasema, "Marehemu alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza, Bi Mwajuma, ambaye alijaaliwa naye watoto wafuatao." Akamtaja Idrisa wangu, akawataja dada zake, halafu kwa sauti ile ile tamu akasema, "Na Zaituni. Na Hidaya."

Nikasema labda nimesikia vibaya. Nikasikia karatasi inafunuliwa kwenye spika, fwaa.

"Mke wa pili, Bi Tatu, ambaye alijaaliwa naye Shabani na Rajabu."

Tatu ni mtoto wa marehemu. Shabani na Rajabu ni kaka zake, baba mmoja mama mmoja. Upande wa wanaume kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo, ikawa mbaya zaidi. Tatu akainuka akakimbilia ndani amejifunika mtandio uso mzima. Wakweze wakaangaliana. Shangazi mmoja nyuma yangu akanong'ona, ila kwa mnong'ono wa kusikika, "Si tulisema? Sasa imeandikwa."

Bi Zaituni hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliomba karatasi kwa jirani yake, akaisoma taratibu, kidole kinafuata mistari, akajitafuta mpaka akajipata huko ndani katikati ya watoto wa mwenzie. Akamgeukia mama mkwe.

"Mwajuma, miaka yote hii nimeitwa majina mengi hapa kwako. Mtoto wako ndio kwanza leo."

"Wallahi Zaituni, mie sijui lolote, mie hata hiyo karatasi sijaiona!"

"Imechapwa na mkweo."

Watu wote wakaniangalia mie. Nikasimama, nikasema, "Mama, ni kosa langu, ni spesi, nilikuza herufi zikaporomoka..." Nikajisikia mwenyewe ninavyoongea. Spesi! Mbele ya mjane aliyenyimwa cheo chake kwenye spika, mie naongelea spesi. Baba mdogo Hamisi akaja mbio akachukua spika akaomba radhi, akasoma upya majina yote kwa usahihi, lakini alikuwa anawasomea watu wengine, maana Bi Zaituni alishakusanya wanawe na kuondoka. Sufuria lake lilibaki.

Mama mkwe hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka mpaka turubai linafunguliwa, halafu akaniambia, "Mama Nasra, mie moyo wangu niliulazimisha. Sasa hakuna atakayeniamini." Akaingia ndani.

Kwa vile ujinga ulikuwa haujaniisha, wiki iliyofuata nikaenda Boko na laptopu. Ndiyo, na laptopu. Idrisa alinikataza, nikasema hapana, akiona kwa macho ataelewa. Nikamwamkia Bi Zaituni, shikamoo mama, akaitikia, akanikaribisha mpaka juisi akanipa. Nikafungua faili, nikamwonyesha, angalia mama, hapa herufi ndogo uko pembeni, sasa nakuza, unaona majina yanavyoanguka? Akatazama kwa utulivu mpaka nikamaliza.

"Nimeona," akasema. "Langu halikuanguka. Langu lilikuwa mahali pake. Nani alilisukuma?"

Alilisukuma nani kama si mie. Si mashine, ni mkono wangu, na mkono wangu haukuwa na nia yoyote, lakini nia utaiprintia wapi mtu aione? Nikasema, "Ni mie, mama, ila sikuwa nasoma, nilikuwa na haraka."

"Basi ulikuwa na haraka," akasema, akachukua glasi akaenda kuiosha.

Tatu ameolewa juzi juzi tu, wakwe walielewa, namshukuru Mungu kwa hilo. Kadi ililetwa kwetu, nzuri, yenye maua ya dhahabu, imeandikwa Bwana Idrisa Athumani. Peke yake. Tulizoea kuona "na familia" au "na mkewe". Nikaisoma mbele na nyuma, hata ndani ya bahasha nikachungulia. Mama mkwe naye hakupata. Idrisa aliuliza aende au asiende, nikamwambia nenda, yule ni dada yako, nikampigia kanzu pasi, akaenda.

Siku hizi najua kuingiza aya ndani kwa ile rula, nilifundishwa na mwenzangu ofisini kabla chai haijapoa, ni kazi nyepesi mno mpaka inatia hasira. Lakini nimeapa: barua za shule nitachapa, mitihani nitachapa, ila karatasi yenye majina ya mke wa mtu na watoto wa mtu sigusi tena, aje nani, aombe vipi. Na lile sufuria bado liko jikoni Gongo la Mboto, tumeliosha, halina wa kulirudisha.