Funda la Gramu Kumi na Nane

Dada yangu alikuwa akiota maji. Asubuhi alinihadithia, midomo imemkauka: ameketi chini ya mvua, maji yanamwingia kwa ncha za vidole, yanapanda, naye hajai. Figo zake zilikuwa zimechoka. Daktari alimruhusu vikombe viwili tu kwa siku. Akizidisha, maji yangepanda mapafuni, azame akiwa kitandani.

Alikuwa mwalimu wa kemia, wanafunzi wakimwita Mama Moli. Basi mumewe, shemeji yangu fundi cherehani, alimpimia kwa bomba la sindano gramu kumi na nane kila funda. Hiyo ni moli moja ya maji. Dada alilishika mdomoni, macho amefumba, akihesabu: molekuli ni sita, nyuma yake sufuri ishirini na tatu. Kila molekuli ina haidrojeni mbili na oksijeni moja, kwa hiyo ukitaka atomu, zidisha kwa tatu. Alisema akiufikiria umati wote huo unaopita kooni mwake, funda linakuwa ziwa, naye anaelea.

Maneno matamu, lakini kiu haina adabu. Nilimkuta bafuni ameinamia bomba, anakunywa kwa pupa. Mimi subira sikupewa. Nilimfokea kwamba hesabu haidanganyiki, wala miguu yake haidanganyi, maana ilikuwa imevimba, na usiku alilala ameketi ili apate pumzi. Nilifoka kwa sababu niliogopa kumzika.

Shemeji hakufoka. Aliacha tu kunywa maji ndani ya nyumba ile. Alikula chakula kikavu, kikamkwama, akadai hana kiu. Mtu anayeshinda na pasi ya mkaa, eti hana kiu!

Alasiri moja nilikuwa nikimtembeza dada uani, polepole kama bibi harusi. Uani kwa jirani tukamwona shemeji amepiga magoti penye bomba, anakunywa kwa viganja huku akitazama nyuma kama mwizi wa kuku. Mimi nilitaka kucheka. Dada alilia.

Shemeji aliporudi, dada alimkalisha kitini, akampimia mwenyewe funda moja kwenye glasi.

“Kunywa hapa, nikuone,” alisema. “Lakini kwanza, atomu ngapi?”

“Sita, na sufuri ishirini na tatu.”

“Hizo ni molekuli, mume wangu. Nimeuliza atomu.”

Shemeji alifikiri, akihesabu kwa vidole vyenye alama za sindano. “Kumi na nane, na sufuri zilezile.”

“Haya, meza. Na kuanzia leo hatuibi tena, si wewe si mimi.”

Shemeji akanywa. Dada alilifuata lile funda kwa macho mpaka likashuka kooni, naye akameza mate matupu.

“Zimefika zote,” akasema.