Watoto Tisa wa Kanyenye

Apolinaria hakuzaa. Tuseme tu, maana mtaa mzima wa Kanyenye ulisema, tena kwa kinywa kipana. Mume alimrudisha kwao Lusu kwa sababu hiyo, naye hakukaa kulia. Alifunga mzigo akaja Tabora mjini, akapanga chumba chenye ua hapo Kanyenye, akaanza kulea watoto wa wanawake waliokuwa wakishinda sokoni na kwenye vibarua. Miaka kumi na miwili, na hakuna mtoto aliyerudi kwa mama yake na njaa. Nani mwingine mjini angethubutu kusema hivyo?

Mwaka wa hamsini na sita ikatoka amri ya mji: anayelea watoto nyumbani awe na kibali, na mlezi mmoja asizidishe watoto sita. Apolinaria alikuwa nao tisa.

Bwana afya, kijana mmoja aitwaye Hilari, alikuja asubuhi na karatasi zake. Akaamkia shikamoo, akakagua mtungi wa maji, choo, mikeka. Pote safi, hakuna pa kushika. Kisha akahesabu watoto, akasawijika.

"Mama, watatu wamezidi. Itabidi warudi kwao." Akasita, maana alikuwa na huruma. "Ila wa kuzaa mwenyewe hawahesabiwi. Wako ni wangapi hapa?"

Siwema, jirani wa Apolinaria, aliyekuwa akipepeta mchele pale uani, akamkonyeza: sema watatu, mwanamke we! Nani angebisha? Neno moja tu, na wote tisa wangebaki. Na neno lenyewe Apolinaria alikuwa amelitamani tangu ujana wake.

"Sina," akasema. "Mimi sikuzaa. Hawa wote wana mama zao, na mtoto wa mtu simwibi hata kwa mdomo."

Habari hiyo Siwema mwenyewe aliisema mara nyingi kisimani, nyuma ya mgongo wa mwenzake. Hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mwenyewe. Aibu ikamshika. Akaweka ungo chini.

"Walezi wakiwa wawili, je?"

"Kumi na wawili ruksa," akasema Hilari.

"Basi niandike na mimi. Siwema binti Twalibu. Chini ya jina lake."

Siku kibali kilipotoka, Apolinaria alikwenda kukichukua bomani na watoto wote tisa, mmoja mgongoni. Mwanamke mmoja njiani akamuuliza wale wote ni wa nani.

"Wa watu," akajibu, kidevu juu. "Wameniamini."